Waraka kwa Wana-Kipkelion Kuhusu Mji wa Oatman na Punda Wake Wasio na Kazi

Mji wa Oatman, ulioko katika kaunti ya Mohave kaskazini-magharibi mwa jimbo la Arizona, Marekani, ni mji wa aina ambayo Kipkelion, katika kaunti ya Kericho nchini Kenya, haijapata kuwa nayo, na sababu za kutokuwa nayo ndizo zinazostahili kuelezwa katika waraka huu, ingawa lazima ikubaliwe tangu mwanzo kwamba wana-Kipkelion waishio Phoenix, walipofunga safari ya kwenda huko, hawakusukumwa na kiu ya elimu bali na hamu ya kupigwa picha wakiwa na punda. Picha hizo zimekwisha kuenea katika simu za nyumbani, kuanzia Londiani hadi Fort Ternan, na zimezua tafsiri ambazo zisiposahihishwa mapema zinaweza kuharibu majina ya watu na hata mipango ya harusi. Kwa hiyo maelezo yanayofuata yanatolewa kwa faida ya wazee, akina mama na vijana waliobaki nyumbani, na pia kwa faida ya wawakilishi wa wadi, ambao wakiyasoma hadi mwisho huenda wakaona kwamba hakuna haja tena ya kugharimiwa ziara ya mafunzo.

Oatman huhesabiwa miongoni mwa mahame ya magharibi ya Marekani. Mahame ni makazi yaliyohamwa na watu wake, nyumba zikabaki zimesimama au zimeanguka nusu. Wasomaji waliowahi kufika pwani watakumbuka Gede, karibu na Malindi, mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17 na ambao mwezi Julai 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Tofauti ni kwamba Gede ilichukua karne kadhaa kusitawi na kufifia, ilhali mji wa wachimba dhahabu wa Marekani uliweza kuzaliwa, kulewa, kuungua na kuzikwa katika muda ambao mzee wa Kipkelion angeutumia kumaliza kulipa mahari. Chanzo cha haraka hiyo ni namna uchimbaji wenyewe ulivyoendeshwa, kwa kuwa dhahabu ya Oatman haikuwa ya kuchekechwa mtoni kwa karai, bali ilishikamana na mishipa ya mwamba mgumu iliyoshuka ardhini, ikahitaji mashimo marefu, mitambo ya kusaga mawe na mtaji ambao mtu mmoja hawezi kuwa nao. Mtaji huleta kampuni, kampuni huleta mishahara, na mishahara huleta maelfu ya watu ambao hawana shamba wala ukoo mahali pale. Siku gharama ya kulitoa jiwe inapoipita thamani ya dhahabu iliyomo, kampuni hufunga lango, na watu wale hukunja magodoro yao na kuondoka bila kumuaga mtu, kwa sababu hakuna wa kuagwa.

Watafuta-dhahabu walianza kuigusagusa milima hiyo, iitwayo Black Mountains, katika miaka ya 1860, lakini kishindo chenyewe kilikuja mwaka 1915, wachimbaji wawili walipogonga mwamba wenye dhahabu ya thamani ya takriban dola milioni 10, na kabla mwaka mmoja haujamalizika vizuri mji ukawa na watu zaidi ya 3,500. Mwaka 1921 moto ulizila nyumba nyingi. Mwaka 1924 kampuni ya United Eastern, iliyokuwa nguzo ya mji, ilisimamisha kazi. Kilichouokoa mji kwa muda ni barabara, kwani mwaka 1926 njia kuu ya kutoka Chicago hadi Los Angeles ilipewa namba 66 na kupitishwa katikati ya Oatman, hivyo waliokosa kuchimba mawe wakapata kuchimba mifuko ya wasafiri kwa kuwauzia petroli, chakula na vipuri. Serikali ilipopandisha bei ya dhahabu mwaka 1934, kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa aunsi, migodi ilipata nafuu kidogo, ila nafuu hiyo ilikatizwa Oktoba 1942 kwa amri iliyofunga migodi ya dhahabu nchini kote ili watu na mashine ziende kwenye madini ya vita. Mapema katika miaka ya 1950 barabara mpya ikajengwa pembeni, mahali pa tambarare, na magari yakaacha kupanda mlima. Kufikia miaka ya 1960 Oatman ilikuwa imebaki na watu wachache wakaidi, hoteli moja ya udongo, na punda.

Neno moja kuhusu jina la mji halitakuwa la kupoteza wakati. Olive Oatman alikuwa binti wa familia ya wahamiaji iliyoshambuliwa njiani mwaka 1851. Yeye na mdogo wake walitekwa, kisha wakachukuliwa na Wamohave, yaani wenyeji wa bonde la mto Colorado, ambao walimchanja chale za rangi kidevuni kwa desturi yao, na mwaka 1856 akarudishwa kwa Wazungu, akawa maarufu kwa picha na mihadhara. Hakuwahi kuishi katika mji huo, ambao haukuwapo wakati huo. Wana-Kipkelion hawapaswi kuwacheka Wamarekani kwa jambo hili, kwa sababu stesheni yao wenyewe, reli ilipopita hapo kuelekea Kisumu mwaka 1901, iliandikwa ubaoni jina la Lumbwa, ambalo Wakipsigis hawakujiita wala hawakuulizwa kama wanalipenda, na miaka mingi ilipita kabla ubao huo haujabadilishwa.

Yatosha kuhusu jina. Habari yenyewe ni punda. Wachimbaji wa kale waliwaleta kubeba maji, kuni, zana na mawe, na kazi ilipokwisha waliwafungulia kamba na kuwaacha mlimani, wala hakuna aliyefikiri kwamba wanyama hao ndio wangekuja kuwa waajiri wa mji. Vizazi vya punda hao huishi jangwani, na kila asubuhi huteremka hadi barabara kuu, ambayo ndiyo barabara pekee yenye maana, wakasimama katikati ya magari kwa utulivu wa maafisa wa forodha. Jioni hurudi mlimani bila kuaga. Watalii huja kutoka Las Vegas, Laughlin na nchi za mbali kwa ajili yao. Madukani huuzwa vifuko vya majani makavu yaliyoshindiliwa, mtalii hununua, punda hula, mwenye duka hupokea dola, na kwa utaratibu huo mji wenye wakazi wa kudumu mia moja na ushee unaendelea kuishi. Watoto wa punda, ambao koo zao bado ni nyembamba, hubandikwa kikaratasi kwenye paji la uso chenye kuwaomba wageni wasiwalishe. Hii huenda ikawa ndiyo jamii pekee ya wanyama wa kubeba mizigo duniani ambayo mzigo wake wa pekee ni tangazo linalowatetea wenyewe.

Ili msomaji apate picha kamili, yafaa kueleza kisa kimoja kwa ukaribu. Miongoni mwa wasafiri alikuwamo bibi wa miaka sabini na ushee, aliyeitwa Kogo na kila mtu garini, kwa kuwa ndivyo Wakipsigis wamwitavyo bibi, na ambaye aliletwa Marekani kwa viza ya matembezi. Kama ilivyo kawaida ya viza za namna hiyo zitolewapo kwa mabibi, matembezi yenyewe yalikuwa kumlea mjukuu. Gari liliposimamishwa na kundi la punda mbele ya hoteli, punda dume mmoja mwenye sikio lililochanika aliingiza kichwa chote dirishani, akaweka kidevu juu ya paja la Kogo, akaanza kunusa mkoba uliokuwa na thamosi ya chai na mandazi yaliyofungwa kwa karatasi. Watalii wa gari la nyuma walipiga kelele za furaha na kutoa simu. Kogo hakupiga kelele. Alimkagua punda mgongoni kutafuta alama ya matandiko, akamwinua mdomo kuangalia meno, kisha akauliza:

"Huyu ni wa nani?"

"Hana mwenyewe, Kogo. Ni wa serikali."

"Anabeba nini?"

"Habebi kitu."

"Na maji?"

"Yako kwenye mfereji, Kogo. Ndani ya nyumba."

"Kwa hiyo amestaafu."

"Hajastaafu, Kogo. Hajawahi kufanya kazi. Hata mama yake hakufanya."

Kogo alinyamaza, akamtazama tena yule mnyama, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuifikia karatasi ya mandazi, kisha akamwamuru kwa Kikipsigis, kwa sauti isiyo kubwa, aondoke. Punda huyo, ambaye maisha yake yote alikuwa amesihiwa kwa Kiingereza tu, alitoa kichwa dirishani mara moja, akageuka na kuwaongoza wenzake hadi ukingo wa barabara, na gari likapita. Mwenye duka mmoja, aliyekuwa akizoa kinyesi cha punda kwa koleo mbele ya mlango wake, alisimama kuangalia tukio hilo kwa heshima. Kogo naye alimpungia mkono na kutaka aulizwe mbolea hiyo hupelekwa shamba gani. Alipoambiwa kwamba hakuna shamba, hakusema neno lingine hadi chakula cha mchana.

Hadhi ya punda hao si ya kuokota mitaani, bali imewekwa na sheria. Mwaka 1971 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalinda farasi na punda wanaozurura katika ardhi ya umma, ambayo inakataza mtu kuwakamata, kuwabughudhi au kuwaua, na usimamizi wake ukapewa idara ya serikali ya shirikisho, yaani serikali kuu iliyo juu ya majimbo yote. Wahamiaji kutoka Kenya, ambao kila mmoja ana bahasha nene ya fomu, alama za vidole na stakabadhi za mawakili, waliisoma habari hii kwa hisia ambazo ni vigumu kuzieleza kwa lugha ya kitaalamu. Hisia hizo zilizidi baada ya kijana mmoja wa msafara, anayesomea baiolojia, kueleza kwamba punda wote wa kufugwa duniani wana asili moja, na kwamba uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2022 ulionyesha kuwa walianza kufugwa miaka 7,000 hivi iliyopita huku kwetu Afrika Mashariki, pamoja na Pembe ya Afrika, ndipo wakasambaa hadi Misri, Ulaya na kwingineko, na Wahispania wakawavusha bahari hadi Amerika. Kwa maneno mengine, wale punda ni wana-Afrika Mashariki waishio ughaibuni. Walitangulia, hawakuombwa taarifa ya benki wala barua ya mwaliko, hawapangi foleni, hawatumi pesa nyumbani, na hakuna binamu anayewapigia simu saa nane za usiku kuhusu karo.

Ndugu zao waliobaki nyumbani hawakupata bahati hiyo. Wasomaji wa Kericho wanakumbuka vizuri kwamba kuanzia mwaka 2016 Kenya iliruhusu machinjio ya punda, manne kwa jumla, mojawapo likiwa Mogotio katika kaunti jirani ya Baringo, na kwamba kilichotafutwa hasa kilikuwa ngozi, ambayo nchini China huchemshwa hadi ikatoa gundi itumikayo katika dawa ya kienyeji iitwayo ejiao. Punda wakaanza kuibwa usiku na mabaki yao kukutwa vichakani asubuhi, na mama aliyekuwa akitegemea punda mmoja kwa maji na maziwa akajikuta yeye ndiye punda. Februari 2020 serikali ilitangaza kuyafunga machinjio hayo, Mei 2021 mahakama ikabatilisha tangazo hilo, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda barani kote kwa miaka 15. Mtu anaweza kusema bila kutia chumvi kwamba punda wa Mogotio, kama angeweza kufika Oatman kwa miguu yake, angekuwa na hoja nzito ya kuomba ukimbizi.

Burudani nyingine za mji zinaweza kuelezwa kwa ufupi. Kwa saa zilizotangazwa, wanaume wenye kofia pana huonekana barabarani wakijaribu kuiba benki isiyokuwapo, wenzao huwazuia, risasi baridi hupigwa, wawili watatu hufa, na waliokufa huinuka na kupitisha kofia ili kuchanga pesa za kusaidia wenye shida, jambo linaloufanya mchezo mzima kuwa harambee yenye bunduki. Watalii hucheka sana. Kogo, mlio wa kwanza uliposikika, alikuwa amekwisha kumvuta mjukuu nyuma ya gari na kumkalisha chini. Yeye aliishi Kipkelion mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa ghasia za uchaguzi, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba ni mchezo mpaka alipoinuka mwenyewe.

Ndani ya hoteli ya udongo, ambayo leo huuza chakula badala ya vitanda, kuta na dari zimefunikwa kwa noti za dola zilizoandikwa majina ya wageni. Desturi hiyo inasemekana ilianza kwa wachimbaji, ambao siku ya mshahara walibandika noti yenye sahihi ukutani ili siku ya ukavu waweze kunywa kwa mkopo, na leo kila mtalii hubandika yake bila nia ya kurudi kuinywa. Wenyeji husimulia pia kwamba nyota wa sinema Clark Gable na Carole Lombard, waliofunga ndoa katika mji jirani wa Kingman mwaka 1939, walilala fungate yao humo, na simulizi hilo limeshikiliwa kwa nguvu kuliko ushahidi wake. Mhazini wa chama kimoja cha akina mama aliyekuwamo katika msafara alikadiria kwa macho thamani ya ukuta mmoja, akaigeuza kuwa shilingi, akatafuta kiti. Kogo alitoa uamuzi kwamba pesa iliyobandikwa ukutani haizai, na kwamba kama ingekuwa ni ng'ombe ingekuwa na ndama sasa. Aidha, kila tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, saa sita mchana, hufanyika mashindano ya kukaanga mayai kwa jua, washindani wakipewa dakika 15 na ruhusa ya kutumia vioo vya kukusanya mwanga. Joto la majira hayo hupita nyuzi 40. Kipkelion, ambako Julai ni mwezi wa manyunyu na masweta, mashindano kama hayo yangetoa mshindi wa mafua.

Sasa ni halali kuuliza kwa nini kila kijana wa Kipkelion mwenye simu, baada ya kuziona picha hizo, ameandika kwamba kaunti nayo ianzishe mahame yake, na kwa nini jambo hilo haliwezekani. Kenya haikukosa dhahabu. Mwaka 1931 L. A. Johnson, Mmarekani aliyekuwa mkulima huko Turbo, aligundua dhahabu katika eneo la Kakamega, na katika mwaka uliofuata walowezi walioangushwa na bei ya mahindi wakamiminika huko na mahema yao. Ardhi hiyo ilikuwa ya Waluhya na ilikuwa imejaa watu. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba kipande chochote cha ardhi ya wenyeji kikichukuliwa kitafidiwa kwa kipande kingine; dhahabu ilipoonekana, Desemba 1932 sheria ikarekebishwa ili fidia ya ardhi isiwe lazima, na ahadi iliyoitwa ya milele ikawa imedumu miaka miwili. Mgodi mkubwa wa huko, Rosterman, ulifungwa mwaka 1952. Kwa kanuni za Arizona, Rosterman ilipaswa kuwa mahame kufikia mwaka uliofuata, upepo ukivuma milangoni. Badala yake, wenyeji walikuwapo pale pale, na hadi leo kuna watu wanaoingia katika mashimo yale na nyundo, karai na zebaki, huku mahindi yakiota hadi ukingoni mwa shimo. Hakuna mtalii awezaye kuuziwa upweke mahali ambapo mama fulani atatokea nyuma ya ukuta na kumuuliza anamtafuta nani.

Hali ya Kipkelion ni ile ile. Treni ya abiria ya Kisumu ilikosekana kwa miaka kadhaa kabla ya kurejeshwa Desemba 2021, na katika muda huo stesheni ilikuwa na sifa zote za mahame isipokuwa moja, kwani ilikosa utupu. Ng'ombe walilisha kando ya reli, soko liliendelea, kahawa ilipelekwa kwenye chama cha ushirika, na watoto waliutumia ukuta wa stesheni kama goli. Mtu wa Kipkelion akikosa kazi haondoki na godoro. Hurudi shambani, na hata akienda Phoenix huacha ng'ombe kwa ndugu, kipande cha ardhi chenye uzio na ugomvi wa mpaka ambao haujaisha, mambo matatu ambayo humzuia mtu kuhama kabisa. Iwapo ni ukale unaotafutwa, Fort Ternan iko hapo chini tu, ambako mwaka 1961 Louis Leakey, akichimba katika shamba la Fred Wicker, alipata mabaki ya sokwe wa kale aliyepewa jina la Kenyapithecus wickeri, mwenye umri wa miaka milioni 14 hivi. Mahame ya Oatman yana miaka mia moja na yanajaza magari. Ya Fort Ternan, yaliyohamwa na wakazi wasioacha hata sahani, bado yanasubiri ubao wa kueleweka barabarani na mtu wa kuuza chai.

Ni lazima pia isemwe, kwa kuwa waraka wa namna hii ukibaki katika mzaha tu huwa ni uongo, kwamba ardhi ya Kericho inafahamu utupu wa aina nyingine, ule unaoletwa kwa amri. Ukoo wa Talai ulihamishwa kwa nguvu mwaka 1934 na kupelekwa Gwassi, na watawa wa Kitrapisti, waliofika kutoka Uholanzi mwaka 1956 na kujenga monasteri yao Kipkelion, waliondoka mwaka 2008 na kuhamia Uganda baada ya ghasia za uchaguzi, wakiwa wamekwisha kuwahifadhi majirani waliokimbia makwao. Wamohave, kwa upande wao, hawakuhama kutoka nchi yao. Wako hadi leo katika eneo lililotengwa la Fort Mojave, kando ya mto Colorado, safari fupi ya gari kutoka Oatman. Mji uliitwa mahame kwa sababu walioondoka ndio waliokuwa wakihesabiwa. Kogo alipooneshwa bonde hilo kutoka juu ya mlima, aliuliza kama watu wa chini kule hupata chochote kutokana na punda, na swali hilo halikupata jibu garini.

Yamebaki masahihisho machache. Kwanza, kijana anayeonekana katika picha akiwa ameshika shingo ya punda hajaajiriwa kuchunga punda, kama ilivyotangazwa katika mazishi fulani huko Londiani; ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee, hufanya zamu ya usiku, na alikuwa ameishika shingo hiyo kwa sababu alikuwa akisinzia. Familia ya mchumba wake inaombwa isiongeze wala kupunguza idadi ya ng'ombe kwa kutegemea picha. Pili, maombi ya kazi yaliyotumwa na vijana wawili wenye uzoefu mrefu wa mikokoteni yamepokelewa kwa shukrani, lakini hayawezi kupelekwa popote, kwani punda wa Oatman hawana mwajiri, hawana kazi ya kusimamiwa, na mtu akiwafungia mkokoteni atashtakiwa katika mahakama ya shirikisho. Tatu, Kogo ameagiza kwamba punda wake aliyemwacha kwa jirani asibebeshwe mchanga wa ujenzi hadi atakaporudi baada ya mavuno, kwamba apewe maganda ya viazi jioni, na kwamba waraka huu usisomwe kwa sauti karibu naye.